Stephen Keshi: Kwa nini mpaka leo mashabiki wanamlilia "Big Boss"



Kila ikifika tarehe 7 Juni, mashabiki wa Nigeria wanaanza kurusha picha za jamaa mmoja mwenye mwili mkubwa na sura ya upole, huku wakiandika "Big Boss, pumzika." Vijana wengi wa huku kwetu huwa wananiuliza: huyu Stephen Keshi alikuwa nani hasa? Si kocha tu kama makocha wengine? Mbona watu wanamlilia kama baba yao mzazi?

Swali ni zuri na nimeona nilijibu kwa urefu kidogo, maana ndani yake kuna jambo linalotuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki. Tahadhari ndogo kabla sijaanza: hilo jina Keshi halina uhusiano na ile keshi ya mfukoni. Ila mtaona mbele ya safari kwamba habari ya keshi ilimsumbua kweli kweli.

NAHODHA

Keshi alizaliwa mwaka 1962. Alikuwa beki wa kati, mrefu, mwenye sauti uwanjani. Alichezea New Nigeria Bank ya Benin City. Mwaka 1985 akagombana na wakubwa wa soka la nchi yake, wakamfungia. Wengine tungekaa nyumbani tukinung'unika. Yeye alifunga mizigo akaenda kucheza Côte d'Ivoire, halafu Ubelgiji, kwanza Lokeren na baadaye Anderlecht.

Leo mchezaji wa Afrika kwenda Ulaya ni habari ya kawaida, lakini miaka ile Wanigeria waliokuwa kule walikuwa wachache. Keshi ni mmoja wa waliofungua mlango, na akifika mahali alikuwa anawavuta wenzake. Hapo ndipo heshima ya "Big Boss" ilipoanzia. Ulikuwa ukipata shida ugenini, unamtafuta Keshi.

Na timu ya taifa alionja machungu kwanza. Mwaka 1984 Nigeria ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ikafungwa na Cameroon. Mwaka 1988 ikafika tena, ikafungwa tena na Cameroon hao hao. Ilibidi asubiri mpaka 1994 kule Tunis, ambako Nigeria iliifunga Zambia 2-1 kwenye fainali. Kumbukeni ile Zambia ilikuwa imepoteza kikosi chake kwenye ajali ya ndege mwaka mmoja tu nyuma, kwa hiyo nusu ya Afrika ilikuwa upande wao. Emmanuel Amunike akafunga mabao yote mawili ya Nigeria. Nahodha wa kikosi kile alikuwa Keshi. Mwaka huo huo wakaenda Kombe la Dunia Marekani, ikiwa mara ya kwanza kwa Nigeria.

Kama angeishia hapo angekuwa mchezaji mkubwa wa kukumbukwa, basi. Yaliyofanya watu wamlilie yako kwenye ukocha.

KOCHA WA KUTENGENEZA, MWINGINE WA KULA

Mwaka 2004 Keshi akachukua timu ya Togo. Jamani, Togo! Nchi ndogo ambayo haikuwa imewahi kuonekana Kombe la Dunia. Kwenye kundi lao walikuwepo Senegal, waliokuwa wametoka kufika robo fainali ya dunia mwaka 2002. Hakuna aliyewapa nafasi. Keshi akamjenga kijana mmoja anaitwa Emmanuel Adebayor, ambaye alifunga mabao 11 kwenye mechi zile za kufuzu. Oktoba 2005 Togo wakashinda 3-2 Brazzaville, wakakata tiketi ya kwenda Ujerumani 2006.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Januari 2006 Togo wakaenda AFCON kule Misri, wakapoteza mechi zote tatu. Keshi akaondolewa, akaletwa Mjerumani, Otto Pfister. Yaani aliyelima akafukuzwa shambani mavuno yakiwa yameiva. Na huko Ujerumani Togo waligombania posho mpaka kocha mpya akasusa akarudi, na mechi zote tatu wakafungwa.

Msidhani hilo lilimpata Keshi peke yake. Shaibu Amodu, Mnigeria mwenzake, aliivusha Nigeria kwenda Kombe la Dunia 2002, Keshi akiwa msaidizi wake. AFCON ya mwaka huo wakashika nafasi ya tatu tu, wote wakatimuliwa kabla ya Kombe la Dunia. Amodu akaitwa tena, akaivusha tena Nigeria kwenda 2010, akashika tena nafasi ya tatu AFCON, akatimuliwa tena! Safari hiyo akaletwa Msweden, Lars Lagerbäck, ambaye hakushinda hata mechi moja Afrika Kusini.

Huo ndio ulikuwa mtindo. Kocha mzawa ni wa kuvusha timu mtoni, wakifika ng'ambo anashushwa kwenye mtumbwi. Keshi aliuona akiwa msaidizi, na akaonja mwenyewe Togo. Ndio maana hakuwa na woga wa kusema hadharani kwamba wazungu wengi wanaoletwa Afrika wanafuata hela tu, na hawana wanachofanya ambacho Mwafrika hawezi. Wapo waliosema ana wivu. Basi akaamua kuwajibu kwa kazi.

2013: HAPA NDIPO ALIPOWANYAMAZISHA

Novemba 2011 akapewa Nigeria yenyewe, wakati timu iko hoi, imekosa hata kufuzu AFCON ya 2012. Na njia yake ya kurudi juu ilipita huku kwetu. Februari 2012 alikuja Kigali, Rwanda wakamkazia 0-0. Machi 2013, kwenye kufuzu Kombe la Dunia, Harambee Stars walimfuata mpaka Calabar, Francis Kahata akapiga faulo ikaingia moja kwa moja, na Nigeria wakaponea dakika za majeruhi, 1-1. Waliorudiana Kasarani mwezi Juni mtakumbuka Ahmed Musa alivyowaliza Wakenya, 1-0. Mechi za mwisho za kufuzu akawatoa Ethiopia, akishinda Addis Ababa na nyumbani pia.

Katikati ya hayo ndipo ikaja AFCON 2013, Afrika Kusini. Keshi alifanya jambo ambalo makocha wengi wanaliogopa: aliwaacha mastaa. Obafemi Martins nje. Peter Odemwingie nje, na alilalamika mbele ya dunia nzima. Badala yao akachukua vijana wa ligi ya nyumbani, mmojawapo akiitwa Sunday Mba. Watu wakasema kachanganyikiwa.

Walianza kwa kusuasua, sare na Burkina Faso, sare na Zambia, wakaponea kwa penalti mbili za Victor Moses dhidi ya Ethiopia. Robo fainali wakapangiwa Côte d'Ivoire ya akina Drogba na Yaya Touré. Keshi mwenyewe alisema baadaye kwamba kuna viongozi walikuwa wameshapanga tiketi za kurudi nyumbani. Nigeria ikashinda 2-1, bao la ushindi likafungwa na Sunday Mba. Nusu fainali wakawachapa Mali 4-1. Fainali, tarehe 10 Februari 2013, Burkina Faso 1-0. Mfungaji? Sunday Mba yule yule!

Siku ile kwenye vibanda umiza hata sisi tusio Wanigeria tulishangilia. Keshi akawa mtu wa pili katika historia kulichukua kombe hilo akiwa mchezaji na halafu akiwa kocha. Wa kwanza ni marehemu Mahmoud El-Gohary wa Misri.

Unadhani siku iliyofuata alikuwa anakula raha? Alikwenda redioni huko huko Afrika Kusini akatangaza anajiuzulu, kwa jinsi alivyodharauliwa na waliomwajiri. Ikabidi wakubwa wa serikali waingilie kati, akabadili uamuzi. Na huyo bingwa wa Afrika, baadaye mwaka ule ule, alikaa miezi kadhaa bila mshahara. Mnaona sasa ile habari ya keshi?

Mwaka 2014 akaenda Brazil. Akatoka 0-0 na Iran, akaifunga Bosnia 1-0, na aliyefunga ni Odemwingie, yule yule aliyemwacha mwaka uliopita na kumrudisha. Hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Wakafungwa na Argentina 3-2, lakini wakapita. Keshi akawa kocha wa kwanza Mwafrika kuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Ufaransa wakawatoa 2-0.

Nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na makosa yake. Timu yake wakati mwingine ilicheza soka la kuchosha. Baada ya Brazil mambo yaliharibika, wakafungwa nyumbani na Congo, na mabingwa watetezi wakashindwa kufuzu AFCON 2015. Akafukuzwa, akarudishwa, Julai 2015 akafukuzwa moja kwa moja. Kocha akishindwa hufukuzwa, hiyo ni kazi yao. Shida ni kwamba yeye alikuwa anapigwa vita hata akishinda.

MSIBA JUU YA MSIBA

Desemba 2015 mke wake, Kate, alifariki kwa saratani. Miezi sita baadaye, tarehe 7 Juni 2016, Keshi naye akaondoka ghafla, Benin City, kwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 54 tu. Nigeria haijakaa sawa, tarehe 10 Juni, siku tatu baadaye, Shaibu Amodu naye akafariki, katika mji huo huo. Makocha wawili waliotumwa mtoni na kushushwa kwenye mtumbwi, wameondoka ndani ya wiki moja.

Hapo ndipo mkaanza kusikia sifa. Waliomkalia mishahara wakatoa rambirambi. Uwanja wa Asaba, kwenye jimbo la kwao la Delta, ukapewa jina lake. Ni heshima kubwa, sikatai. Lakini mashabiki wa kawaida wanajua kwamba jina ukutani halilipi deni la aliyekufa. Kwa maoni yangu, ndio maana kilio chao kina hasira ndani yake. Wanamlilia mtu waliyempenda, na pia wanajua alitendewa vipi akiwa hai.

SISI YANATUHUSU NINI?

Tangu Keshi aondoke, mambo yamebadilika. AFCON ya 2019 ilichukuliwa na Djamel Belmadi wa Algeria, ya 2021 na Aliou Cissé wa Senegal, ya 2023 na Emerse Faé wa Côte d'Ivoire. Wote wazawa. Kombe la Dunia 2022 timu zote tano za Afrika zilikuwa na makocha wa kwao, na Walid Regragui akaifikisha Morocco nusu fainali. Mlango wa kwenda Ulaya Keshi aliusukuma akiwa mchezaji, na huu nao aliusukuma akiwa kocha.

Kwetu je? Hemed Suleiman "Morocco" aliipokea Taifa Stars katikati ya AFCON Januari 2024, baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Novemba 2024 akaivusha Stars kwenda AFCON 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 pale Dar. Mashindano yalipokaribia, Novemba 2025, TFF ikaachana naye, timu ikapewa Miguel Gamondi kutoka Argentina. Niwe mkweli: Gamondi aliifikisha Stars 16 bora kwa mara ya kwanza, na nilifurahi kama nyinyi. Simsemi vibaya. Ila ukisoma habari ya Togo 2006 halafu ukasoma hii, lazima ujiulize maswali.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Haina maana mgeni asije kabisa. Nigeria ya 1994 ilifundishwa na Mholanzi, Clemens Westerhof, na Keshi alijifunza mengi kwake. Ninachosema ni kwamba mzawa apimwe kwa kipimo kile kile anachopimiwa mgeni. Kwa hiyo siku kocha mzawa akitangazwa, popote Afrika Mashariki, msiishie kupiga makofi. Ulizeni mambo matatu. Mshahara wake unalipwa kwa wakati kama alivyolipwa mzungu aliyemtangulia? Anaachwa achague kikosi mwenyewe, hata akimwacha staa? Na akifuzu, ataongoza timu kwenye mashindano yenyewe?

Mambo hayo matatu Keshi aliyapigania mpaka mwisho. Tukimkumbuka kwa picha tu na kuyasahau hayo, tutakuwa tumemkumbuka nusu.

Naomba kuwasilisha. Wenye kumbukumbu za Big Boss, hasa Wakenya mliokuwepo Kasarani siku ile, uwanja ni wenu. Matusi hapana, hoja ndiyo.