Swila, Nyoka Atemaye Sumu

Katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya Uvira, watu wa Nyakabere na vijiji vingine hulima mihogo, mpunga na mahindi. Penye mavuno hapakosi panya, na penye panya hapakosi nyoka. Mmoja wa nyoka hao ni swila mwenye shingo nyeusi.

Swila mkubwa huwa na urefu wa meta moja na nusu, hata mbili. Hukaa katika vichuguu, mashimo ya panya na magogo yenye uwazi. Hula panya, vyura, mijusi, ndege na mayai. Jike hutaga mayai, na watoto wake wakitoka yaini wana sumu tayari.

Swila hatemi sumu ili apate chakula. Panya humwuma kwa meno. Hutema kwa kujilinda tu. Akimwona mtu, kwanza hutafuta njia ya kukimbia. Akikosa njia, huinua kichwa na kifua, hutanua shingo na kutoa sauti ya kutisha. Anayeona hayo arudi nyuma polepole, naye ageuze uso wake.

Je, hutemaje? Katika meno ya sumu ya nyoka wengine, tundu huelekea chini. Katika meno ya swila tundu huelekea mbele. Nyama za kichwa hukaza na kubana kifuko cha sumu, nayo huruka mpaka meta mbili au zaidi. Wakati huo swila hutikisa kichwa, ili matone yatawanyike. Mwaka 2005 wataalamu wa Ujerumani walieleza jaribio lao: swila walioonyeshwa mkono hawakutema, lakini walioonyeshwa uso unaosogea walitema. Shabaha yake ni macho.

Sumu ikianguka juu ya ngozi isiyo na jeraha, haidhuru sana. Ikiingia jichoni, huchoma kama moto, na jicho huvimba. Isipooshwa, mtu aweza kuwa kipofu. Basi, fanyeni hivi:

Osheni jicho mara moja kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, huku mkilifungua vizuri. Maji yakikosekana kabisa, tumieni maziwa. Msilisugue. Msitie majani wala dawa ya kienyeji. Kisha mpelekeni mgonjwa kwenye kituo cha afya, hata kama maumivu yamepungua.

Kuuma kwake ni hatari zaidi, maana sumu huozesha nyama. Aliyeumwa atulie, abebwe upesi mpaka hospitali. Msichanje jeraha, msilinyonye, wala msifunge kamba. Watu wengi huweka jiwe jeusi juu ya jeraha, lakini jiwe hilo halitoi sumu mwilini. Likimchelewesha mgonjwa, laweza kumwua.

Usiku tembeeni na taa. Fyekeni majani karibu na nyumba. Msiingize mkono katika shimo, wala msimchokoze swila kwa fimbo au mawe. Akiachwa, atakwenda zake kuwinda panya wanaokula mahindi yenu.

Maswali

1. Swila hutema sumu kwa sababu gani?
2. Tundu la jino lake huelekea wapi?
3. Mwenzako akitemewa sumu machoni, utafanya nini kwanza?