Fa inapogeuka kuwa do

Mwishoni mwa mwaka 1896 John Philip Sousa, kiongozi wa bendi aliyevuma kuliko wote Marekani, alikuwa mapumzikoni Italia na mkewe aliposoma gazetini kwamba meneja wake, David Blakely, amefariki ghafla. Akakatiza mapumziko, akapanda meli ya Teutonic kurudi New York. Baadaye alisimulia kwamba alipokuwa akizungukazunguka sitahani alianza kusikia bendi ikipiga kichwani mwake, isinyamaze safari nzima. Aliposhuka nchi kavu aliyaandika aliyoyasikia. Ndio muziki wa gwaride uitwao The Stars and Stripes Forever, uliopigwa hadharani Philadelphia Mei 1897. Mwaka 1987 sheria iliufanya kuwa muziki rasmi wa gwaride wa taifa la Marekani.

Wapo wanaousikia kama shamrashamra tupu. Mimi nasikia kazi ya fundi anayejua kuweka akiba.

Aliyewahi kuimba kwaya ataufuata bila taabu. Unafunguka kwa kishindo kifupi cha bendi nzima, zikafuata sehemu mbili za mwendo wa haraka, kila moja ikirudiwa. Kisha do inahama: fa ya mwanzo inageuka kuwa do mpya. Papo hapo kifua kinapumua. Sauti inashuka, na unaingia wimbo mpana wa noti ndefu, ule ambao hata asiyejua jina la muziki huu huukumbuka. Sousa alipouongoza mwenyewe, wimbo ulipoingia mara ya kwanza alizinyamazisha tarumbeta na tromboni, akawaachia wimbo huo wapiga klarineti na wenzao wa sauti laini. Katika karatasi zilizochapishwa hilo halikuandikwa. Alipenda kuibakiza siri hiyo kwa bendi yake.

Halafu ugomvi unazuka. Ala nzito za chini zinafoka, za juu zinajibu, do yenyewe inayumba, hata msikilizaji anatamani amani. Wimbo unaporudi, juu yake inarukaruka pikolo, filimbi fupi kuliko zote katika bendi, ikipamba kila mwanya ulioachwa na noti ndefu. Ugomvi unarudi tena. Mara ya tatu bendi yote inaingia kwa nguvu, pikolo haijaacha, na tromboni zinaleta wimbo wao wa pembeni, wa kishujaa. Nyimbo tatu kwa pamoja, wala hakuna unaomkanyaga mwenzake! Siri yake iko katika mgawanyo: mmoja ukisimama kwenye noti ndefu, mwingine unatembea, na kila mmoja umepewa kimo chake. Katika matamasha ya Sousa wapiga pikolo, tarumbeta na tromboni walisogea mbele na kujipanga ukingoni mwa jukwaa, watu waone kwa macho kile walichokuwa wakikisikia.

Nje ya matamasha muziki huu ulikuwa na kazi nyingine: kwenye sarakasi za Marekani ulitengwa kuwa ishara ya hatari, ukisikika tu wafanyakazi wajue kuna balaa. Hema la sarakasi lilipowaka moto mjini Hartford tarehe 6 Julai 1944, bendi iliupiga.

Ukipata nafasi ya kuusikiliza, wimbo unaporudi mara ya tatu iache pikolo, ingawa itakuvuta sana. Zifuate tromboni hadi mwisho, kisha jaribu kuimba do uliyoanza nayo. Muziki hauirudii, unafungia kwenye ile fa.