Mkwasa: kiungo aliyeitwa kila nyumba ilipowaka moto

Kila kocha wa kigeni anapotimuliwa, simu zenu huanza kuingia, kuanzia Lusu na Nzega yote mpaka Urambo: kwa nini timu wasipewe wazawa? Jibu ni kwamba hupewa. Tatizo ni wakati wanaopewa. Mfano mzuri ni Charles Boniface Mkwasa, mashabiki wanamwita Master.

Vijana wanamjua kama kocha, lakini wazee wanamkumbuka akiwa kiungo wa Yanga na Taifa Stars. Kiungo ni mtu wa katikati: anapokea mpira kwa beki, anaangalia nani yuko wazi, anaamua kasi ya mchezo. Anauona uwanja wote kila siku, na ndiyo maana wengi wao huishia kuwa makocha. Carlo Ancelotti wa Italia alikuwa kiungo wa Roma na AC Milan, na akiwa kocha amebeba Ligi ya Mabingwa Ulaya mara 5.

Kazi ya Mkwasa ambayo naona haisemwi vya kutosha ni ya mabinti. Mwaka 2010 aliipeleka Twiga Stars Afrika Kusini, kwenye fainali za Afrika za wanawake, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Wakati huo hata wanaume walikuwa wamefika fainali zao mara moja tu, mwaka 1980. Twiga walipoteza mechi zote 3, lakini wenyeji waliwafunga 2-1 tu na Mali 3-2.

Juni 2015 Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Uganda pale Zanzibar. Mholanzi Mart Nooij akaondolewa, Mkwasa akaitwa, kwanza kwa muda. Marudiano Kampala, sare 1-1. Septemba, Nigeria wakatoka Dar es Salaam na 0-0. Novemba wakaja Algeria: Maguri akafunga, Samatta akaongeza, tukawa mbele 2-0. Mliokuwa na redio siku ile mnajua kelele zilizokuwepo. Slimani akarudisha yote mawili. Siku 3 baadaye, kule Blida, tukapigwa 7-0.

Mechi mbili hizo ndizo zinazoeleza ugumu wa kazi ile. Kocha wa timu ya taifa hakai na wachezaji mwaka mzima kama kocha wa klabu. Anawapata siku chache, wengine wamechoka na safari, na akikosea hana wiki nzima ya kurekebisha.

Aliamua jambo zito pia. Januari 2016 alimvua unahodha Nadir Haroub "Cannavaro", beki aliyebeba jina la Mwitaliano, akampa Mbwana Samatta. Nadir alikasirika akastaafu timu ya taifa. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi, ila mkongwe kama yule angestahili kuagwa vizuri zaidi.

Januari 2017 Salum Mayanga akachukua nafasi yake. Mkwasa akawa Katibu Mkuu wa Yanga. Novemba 2019 klabu ikamwondoa Mwinyi Zahera, na nani akaitwa kushika timu? Master. Januari 4, 2020 Simba walikuwa mbele 2-0, Yanga ikarudi ikasawazisha 2-2. Wiki ileile jina lililokuwa midomoni mwa watu ni la Mbelgiji Luc Eymael, aliyekuja kukabidhiwa timu.

Msaidizi wa Mkwasa mwaka 2015 alikuwa Hemed Suleiman "Morocco". Naye alishika Stars katikati ya fainali za Ivory Coast, Januari 2024, baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Novemba mwaka huo akaifunga Guinea 1-0 na kutupeleka AFCON 2025. Mwezi mmodi na kitu kabla ya fainali hizo kuanza, timu akapewa Miguel Gamondi, Muargentina.