Kwa nini unashindwa Rebel Inc. na jeshi lako halijapoteza pambano

Mara ya kwanza kucheza Rebel Inc. nilishindwa bila kupoteza pambano hata moja. Askari wangu waliwafukuza waasi kila walipotokea, barabara zilikuwa zinajengwa, hela zinaingia, halafu sifa ya gavana (yaani mimi) ikafika sifuri na mchezo ukaisha. Nikadhani simu imekwama. Nikarudia, ikaisha vilevile, safari hii mapema zaidi.

Kwa ambaye hajauona: ni mchezo wa simu na kompyuta wa kampuni ya Ndemic Creations ya Uingereza, walewale waliotuletea Plague Inc. mwaka 2012. Huu ulitoka Desemba 2018. Vita kubwa imekwisha, na wewe umeteuliwa gavana wa eneo lililobuniwa kwa kuiga Afghanistan. Ramani imegawanywa katika kanda ndogondogo. Una bajeti, una miradi ya kununua (maji, shule, afya, polisi, barabara), na baada ya muda waasi wanaanza kujitokeza. Ukituliza eneo lote na waasi wakaisha au wakakubali amani, umeshinda. Sifa ikiisha, umefutwa kazi.

Shahada yangu ya uzamili ilihusu uundaji wa modeli za mifumo, kwa hiyo ilinikera kidogo kwamba nilihitaji kushindwa mara nne ndipo nione kinachonimaliza. Ni kitu tunachokifundisha wiki ya pili ya kozi: kuchelewa kwa matokeo.

Fikiria uko harusini na sahani ya pilau imekuja. Tumbo linajaa sasa hivi, lakini taarifa ya shibe inafika kichwani baadaye, pengine dakika 20. Ukila mpaka usikie umeshiba, umeshapitiliza. Hukuwa mlafi, ulikuwa unasoma kipimo kinachochelewa.

Rebel Inc. yote imejengwa hivyo. Ukinunua mradi wa maji leo, haufiki kila kijiji leo, unasambaa polepole kutoka kanda hadi kanda. Askari wa taifa wanachukua muda mrefu kufunzwa. Waasi nao wanaanza kujikusanya kabla hujawaona. Sasa mchezaji mgeni ananunua mradi, anatazama ramani, haoni kitu, ananunua mwingine, halafu mwingine. Hapo ndipo anapojichimbia kaburi, kwa sababu kila unaponunua, bei ya miradi mingine ya aina hiyo inapanda, na inashuka tu ukitulia. Tena hela nyingi zikimwagwa kwa haraka, ufisadi unapanda. Ufisadi hauui siku hiyohiyo, unakula sifa taratibu. Kwa hiyo siku unapoona mstari wa sifa unateremka, hela zilizousababisha ulishazitumia zamani, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Dawa yake ni kununua mfululizo lakini kidogokidogo, na kuacha nafasi katikati ili bei ishuke. Usilimbikize pesa kwa kuogopa pia, maana kanda isiyoguswa ndiyo waasi wanayoipenda. Mradi wa kupambana na ufisadi ununue wakati bado unaona hauuhitaji. Askari wa taifa waagize kabla ya mwasi wa kwanza kuonekana. Wale wa muungano wa kimataifa wanafika haraka, ni kweli, na mwanzoni watakuokoa, lakini wana tarehe ya kuondoka. Ukiwategemea peke yao, wataondoka wakati wenzao wa taifa bado wako mafunzoni. (Mimi hiyo ilinipata mara mbili. Ya pili sina kisingizio.)

Kabla ya kununua, soma malalamiko ya wakazi. Watu wakitaka maji na wewe ukawapa mnara wa simu, utasubiri sana. Hili halikubuniwa na watengenezaji wa gemu. Mwaka 2011 Eli Berman, Jacob Shapiro na Joseph Felter walichapisha utafiti kuhusu Iraq, wakilinganisha pesa za miradi midogo ya jeshi la Marekani na kiasi cha ghasia katika kila wilaya. Miradi hiyo ilipunguza ghasia, hasa kuanzia 2007, askari walipoongezeka na kukaa karibu na wananchi. Maelezo yao ni kwamba raia ana taarifa: anajua nani kaweka bomu barabarani. Akiona faida, na akiona atalindwa, anasema. Mradi mkubwa usio na ulinzi hauleti hilo.

Kwenye mapigano kosa la wengi ni kukimbiza. Waasi wakipigwa katika kanda moja wanahamia ya jirani, unawafuata, wanahamia nyingine, na wakati huohuo kanda ulizoziacha nyuma zinachafuka. Utashinda mapambano 30 bila kupunguza waasi. Kabla ya kushambulia, tazama wanaweza kutorokea wapi, weka askari huko kwanza, ndipo upige. Wakikosa njia wanamalizikia hapohapo. Pembe za ramani zinasaidia sana. Mashambulizi ya ndege yatumie kama pilipili: yanadhoofisha waasi haraka, lakini raia wakiuawa, sifa yako inaondoka nao. Na waasi wakiomba mazungumzo, fika mezani ukiwa na sifa ya akiba, maana kila unachowakubalia kina gharama.

Kwa haya tu unaweza kumaliza viwango vya mwanzo. Sasa niseme kinachonisumbua kuhusu modeli yenyewe.

Upande wa pesa, wameupata. Agosti 2021, mwezi uleule ambao Taliban waliingia Kabul, ofisi ya mkaguzi maalumu wa Marekani kuhusu Afghanistan ilitoa ripoti ya miaka 20: takriban dola bilioni 145 za ujenzi mpya, nyingi zikitumwa kwa kasi ambayo nchi haikuweza kuibeba, na sehemu yake ikalisha ufisadi. Ukiisoma baada ya kushindwa Rebel Inc. utadhani wanakusimulia wewe. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na mstari wa sifa juu ya skrini. Mwaka 2009 jenerali McChrystal alionyeshwa mchoro wa mfumo wa vita hiyo, mishale mingi kama tambi zilizomwagika, akatania kwamba siku watakapouelewa watakuwa wameshinda. Gemu limeuficha mchoro huo na kukuachia namba chache safi. Hakuna gavana wa kweli aliyewahi kuwa nazo.

Upande wa raia ndio mwepesi. Kwenye gemu wakazi ni rangi ya kanda: wanakuunga mkono au hawakuungi. Wanaweza kufa kwa bahati mbaya, lakini hakuna kitufe cha kuwahamisha kwa nguvu, na historia ya kupambana na waasi imejaa kitufe hicho. Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza 1952, serikali ya kikoloni ilihamisha zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya, wengi wao Wakikuyu, kuanzia 1954, ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Lengo lilikuwa kuwatenga Mau Mau na chakula na taarifa. Kijeshi ilifanya kazi. Nyanya yangu alikuwa mtoto katika kimojawapo. Hasimulii mapigano, anasimulia handaki ambalo mama yake na wanawake wengine walilazimishwa kulichimba kuzunguka kijiji, na njaa.

Ungeweza kuongeza kitufe hicho kwenye Rebel Inc. na mchezaji angeshinda haraka, kwa sababu saa ya gemu inasimama siku eneo linapotulia. Lakini kuna matokeo yanayochelewa kuliko mradi wowote wa maji. Hali ya Hatari iliondolewa 1960. Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni kuhusu mateso yaliyofanyika na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 mwaka 2013, kwa wadai 5,228. Nyanya hakuwa mmoja wao.