Mzazi mzee aondolewe lini nyumbani kwake?

Mama yako ana miaka 80 na anaishi peke yake mashambani. Juzi alisahau sufuria motoni, na sasa ndugu zako wanataka apelekwe katika makao ya wazee. Msiharakishe.

Iwapo amechanganyikiwa kwa siku chache tu, mpeleke hospitali kwanza. Maambukizi ya mkojo, kupungukiwa na maji mwilini, sukari kushuka au dawa anazomeza huweza kuleta hali hiyo, na hutibika. Akijikwaa kwa kutoona vyema, apimwe macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Lakini ukiona anazidi kukonda, anaanguka mara kwa mara, anapotea njia aliyoizoea au anarudia kumeza dawa alizokwisha kumeza, asiachwe peke yake tena. Akipata mtu mwaminifu wa kukaa naye usiku na mchana, huenda asihitaji kuhama. Akikosa, yatembelee makao hayo bila kutangaza, uulize ni nani huwaangalia wazee usiku.

Zaidi ya yote, muulize mama mwenyewe, tena mapema, kabla kumbukumbu zake hazijafifia. Atakubali kwa urahisi zaidi uamuzi alioshiriki kuufanya.