Trekta Kuukuu: Magneto au Distributa?

Trekta nyingi tuzionazo mashambani leo hutumia dizeli, nazo hazina haja ya cheche, kwani mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lakini za petroli za zamani zingali zipo, na anunuaye mojawapo hukutana mapema na swali ambalo mafundi hubishania kutwa nzima: cheche itoke katika magneto au katika distributa?

Tuchukue mfano wa Farmall H, iliyoundwa na kampuni ya International Harvester huko Rock Island, jimbo la Illinois, Marekani, tangu mwaka 1939 hadi 1953. Kiwanda chenyewe kiliiuza kwa namna zote mbili, na hata sasa wakulima wa huko wanaozitunza trekta hizo huondoa hiki wakaweka kile.

Magneto ni mtambo unaojitegemea. Ndani yake mna sumaku izungushwayo na injini, koili, platini na kondensa. Umeme huzaliwa humo humo na kwenda kwenye plagi bila msaada wa betri. Ndiyo sababu ndege ndogo nyingi za injini ya pistoni zingali zinatumia magneto, tena mbili kwa kila injini, ili umeme wa ndege ukizimika injini iendelee. Distributa haizalishi kitu. Yenyewe hugawa tu umeme wa koili ilishwayo na betri, kwa zamu ya silinda: 1, 3, 4, kisha 2.

Injini inapozungushwa polepole, sumaku hutoa cheche dhaifu, ilhali betri nzima haijali mwendo. Kwa hiyo magneto ilipewa kiungo cha springi kinachoizuia sumaku kidogo, kisha kuiachia ghafla. Cheche hupata nguvu na pia huchelewa kama itakiwavyo wakati wa kuwasha. Zungusha hendeli taratibu, swichi ikiwa imezimwa na gea ikiwa huru, usikilize. Ukisikia mlio wa “tak”, kiungo kinafanya kazi. Usipousikia, weka hendeli chini! Cheche ikija mapema, injini hurudi kinyume na hendeli huvunja mkono. Hata mlio ukiwepo, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli.

Na hapa ningependa wenye watoto wasome mara mbili. Wengi hudhani kwamba trekta iliyotolewa betri ni kama jiwe tu uani. Ikiwa ni ya magneto, la hasha. Swichi ya magneto huzima injini kwa kuunganisha waya wake na bodi ya trekta. Waya huo ukikatika, swichi haizimi chochote. Mtoto akichezea hendeli, au trekta ikiteleza mteremkoni ikiwa ndani ya gea, injini yaweza kuwaka na kuondoka. Chomoa nyaya za plagi, na hendeli ifungiwe ndani ya nyumba.

Swichi ya distributa hufanya kinyume chake: huzima kwa kukata umeme. Basi abadilishaye mtambo abadilishe pia swichi na nyaya zake, kwa maana umeme wa betri ukipelekwa kwenye magneto huiharibu.

Kwa maoni yangu, trekta ifanyayo kazi kila siku, yenye betri na jenereta nzima, na iwe na distributa. Huwaka upesi, na vipuri vyake ni rahisi kwa fundi wa kawaida. Ile isimamayo miezi kadhaa bandani ikingoja msimu na ibaki na magneto, maana betri iliyoachwa hivyo hufa, na trekta ya distributa haitawaka hata mkizungusha hendeli hadi jua litue. Tena Farmall H ilitoka na betri ya volti 6. Ukiweka ya volti 12, tafuta koili ya volti 12, au sivyo platini zitaungua.

Lakini magneto nyingi hutupwa bure. Injini iwakayo vizuri ikiwa baridi, kisha ikazimika ikipata moto, aghalabu ina kondensa au koili iliyochoka, wala si sumaku iliyokufa. Safisha platini kwanza, upime nafasi yake: magneto ya Farmall H hutaka inchi 0.013, distributa yake inchi 0.020. Fundi atumiaye kipimo kimoja kwa vyote viwili ndiye mharibifu, si mtambo.

Kisha chomoa waya wa plagi moja, ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, mbali na petroli, uweke ncha yake milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, na mwenzio azungushe hendeli, swichi ikiwa imewashwa. Cheche ya buluu ikiruka nafasi hiyo kwa mlio mkali, magneto ni nzima na kasoro itafutwe kwenye plagi au kabureta. Ikiwa ya njano na inasitasita hata baada ya kubadilisha kondensa, hapo ndipo uulize bei ya distributa.