Safari ya Uhispania: anza na tarehe, mji utafuata

Kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi, kila siku saa nane mchana, uwanja wa manispaa katikati ya mji wa Valencia hujaa watu mpaka mtu hana pa kugeuzia kiwiko. Jua linawaka, na wote wanangoja fataki. Fataki hizi ni za masikio kuliko macho: baruti iliyotungwa kwenye kamba hulipuka kwa mapigo yaliyopangwa, kwanza taratibu, kisha mfululizo, hadi mwishoni kifua kinatetemeka na vioo vya madirisha vinalia. Wenyeji huiita mascletà. Ikiisha hushangilia, hubishana kama ya leo imeishinda ya jana, kisha hao, kwenda kula. Atakayefika Valencia Machi 25 ataukuta mji mzuri wenye ufukwe na michungwa, lakini mascletà itakuwa imempita hadi mwakani.

Wengi wetu tunapopanga safari ya Ulaya huanza na jina la mji, na kwa Uhispania jina hilo huwa Madrid au Barcelona kwa sababu ya mpira. Tarehe hufuata likizo ya kazini na bei ya nauli. Nchi nyingine utaratibu huo hauna ubaya, ila Uhispania una hasara, kwa kuwa huko kalenda haifanani mji kwa mji. Sheria inaruhusu hadi siku 14 za mapumziko kwa mwaka, na mbili kati ya hizo ni za mji wenyewe. Manispaa zinapita 8,000, na karibu kila moja ina mtakatifu wake, gwaride lake na ugomvi wake wa kirafiki na majirani. Unaweza kutoka mji uliofunga maduka yote kwa shangwe, ukaenda kilomita chache tu, ukakuta watu wako kazini kama kawaida.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: chukua kalenda kabla ya ramani.

Aina tatu za tarehe

Zipo sherehe zisizohama. Fallas za Valencia hufikia kilele Machi 15 hadi 19. San Fermín ya Pamplona ni Julai 6 hadi 14. La Mercè ya Barcelona huzunguka Septemba 24, na ndipo utakapowaona castellers, watu wanaopandana mabegani hadi kujenga minara mirefu ambayo kileleni husimama mtoto. Minara hiyo ya watu iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010.

Zipo zinazofuata Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi. Anayengoja mwandamo wa Idi ataelewa haraka, isipokuwa hapa hesabu inajulikana miaka mingi kabla. Maandamano ya Juma Kuu mjini Seville, sherehe za Feria de Abril zinazokuja wiki mbili hivi baada ya Pasaka, na kanivali za Cádiz na Santa Cruz de Tenerife kabla ya Kwaresima, zote huhama kila mwaka. Feria yaweza kuitwa ya Aprili na bado ikaangukia Mei.

Zipo pia zinazoshika siku ya wiki. Vita vya nyanya vya La Tomatina huko Buñol ni Jumatano ya mwisho ya Agosti. Marathoni ya Valencia ni Jumapili ya kwanza ya Desemba.

Mpira hauko katika kundi lolote kati ya hayo. Ratiba ya La Liga hutoka kabla ya msimu kuanza Agosti, lakini inaonyesha wiki tu. Siku na saa kamili hutangazwa baadaye kwa kufuata matangazo ya televisheni, na mechi ya wikiendi yaweza kuchezwa popote kati ya Ijumaa usiku na Jumatatu usiku. Mwenye tiketi ya ndege ya kurudi Jumapili mchana anaweza kujikuta angani timu yake ikiingia uwanjani.

Mji unaojenga ili uchome

Fallas ndiyo sherehe inayomlipa vizuri mgeni aliyejipanga. Mitaa ya Valencia ina vikundi vinavyokaribia 400, na kila kimoja huchangishana mwaka mzima kumlipa msanii awatengenezee sanamu. Nyingine hufika kimo cha ghorofa kadhaa, na nyingi ni kejeli: wanasiasa, matajiri, mastaa wa mpira, hakuna anayesalimika. Sanamu husimamishwa njia panda, na kwa siku chache mji mzima huwa maonyesho ya wazi yasiyo na kiingilio.

Usiku wa Machi 19, siku ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala, zote huchomwa. Huanza ndogo za watoto, hufuata kubwa za mitaani, na ya manispaa huwa ya mwisho. Wazimamoto husimama kando wakimwagia maji kuta za nyumba. Kikaragosi kimoja tu kikubwa, kilichopigiwa kura na watu, husamehewa moto na kupelekwa makumbusho. UNESCO iliitambua sherehe hii mwaka 2016.

Ukienda, jua kwamba mitaa mingi hufungwa kwa magari, mabasi hubadili njia, na baruti hulia hata usiku wa manane. Lala karibu na kituo cha metro, na kama una mtoto mdogo, vifaa vya kuziba masikio si anasa. Chakula cha kuulizia ni paella ya asili ya pale, wali wa kuku, sungura na maharage, usio na samaki wala nguruwe.

Kila sherehe ina wenyewe

Kosa linalowakera wenyeji ni mgeni kudhani kwamba yote yameandaliwa kwa ajili yake. Feria ya Seville ilianza mwaka 1847 kama mnada wa mifugo. Leo uwanja wake una mahema yanayozidi 1,000, na mengi ni ya familia, vyama na makampuni, hivyo huingii bila mwaliko. Machache ya manispaa huwa wazi kwa wote. Asiyejua hilo huzunguka usiku kucha akisikia ngoma za wenzake kwa nje, huku aliyejua ameenda moja kwa moja kwenye hema la wazi na anafundishwa kucheza sevillanas.

Pamplona inataka umakini zaidi. Kuanzia Julai 7, kila siku saa mbili asubuhi, fahali sita huachiwa wakimbie mitaani umbali wa mita 850 hivi hadi uwanjani, kwa dakika mbili au tatu. Tangu mwaka 1910 watu 16 wameuawa katika mbio hizo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na simu ya kupigia picha haiingii njiani. Mgeni mwenye busara hutazama kutoka kwenye roshani, ambazo wenye nyumba hukodisha. Ajue pia kwamba fahali hao hao huuawa jioni uwanjani. Asiyependa hilo anaweza kubaki na muziki na gwaride la sanamu za majitu, asikose raha.

Buñol, mji mdogo kilomita 40 hivi kutoka Valencia, ulizidiwa na wageni wa La Tomatina hadi mwaka 2013 ukaanza kuuza tiketi na kuweka kikomo cha watu wapatao 20,000. Vita huchukua saa moja, na sharti ni kuliponda tunda kabla ya kulirusha lisije likaumiza mtu.

Michezo ya bure, na watu wetu ndani yake

Tiketi za viwanja vya Bernabéu, Madrid, na Camp Nou, Barcelona, ni ghali. Mpenda mpira anaweza kuangalia Bilbao, ambako timu ya Athletic huchezesha wachezaji wa asili au malezi ya Kibasque tu, na mwaka 2024 wakatwaa Kombe la Mfalme baada ya kulikosa kwa miaka 40. Miongoni mwao walikuwemo Iñaki na Nico Williams, ndugu wawili wa wazazi kutoka Ghana. Katikati ya Agosti mji huo huwa na Aste Nagusia, siku tisa za muziki na fataki, wakati msimu wa ligi ndio unaanza. Ukibahatika, utapata mechi ya nyumbani ndani ya sherehe.

Mwishoni mwa Agosti huja Vuelta, mbio za baiskeli za wiki tatu zilizoanza mwaka 1935. Kusimama kando ya barabara hakuna malipo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, ameorodheshwa mshindi wa mwaka 2011 na 2017.

Lakini mji unaotuhusu kuliko yote ni Valencia. Oktoba 2020 Joshua Cheptegei wa Uganda aliweka hapo rekodi ya dunia ya mita 10,000, dakika 26:11.00. Desemba 2022 Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni yake ya kwanza na kushinda kwa saa 2:01:53, na nyuma yake Gabriel Geay akashika nafasi ya pili kwa 2:03:00, rekodi ya taifa ya Tanzania. Mwaka 2024, wiki chache baada ya mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200, wengi wao katika vitongoji vya mji huo, mbio zilifanyika na Mkenya Sabastian Sawe akashinda. Mstari wa mwisho huwekwa kwenye jukwaa la buluu juu ya maji, kati ya majengo meupe ya Mji wa Sanaa na Sayansi.

Hesabu za safari

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Chumba tafuta mapema, tena chenye masharti ya kughairi bila gharama, uombe viza ukiwa nacho. Ukikosa nafasi mjini, lala mji wa jirani wenye treni. Madrid hadi Valencia kwa treni ya mwendokasi ni kama saa mbili.

Na kama ni safari moja tu, mimi ningechagua Desemba. Jumapili ya kwanza uko Valencia kando ya barabara, kisha unapanda treni kwenda Madrid kuona mpira, ukikumbuka kwamba Desemba 6 na 8 ni sikukuu za taifa na viti hujaa. Watu wa Valencia wamezoea kusimama kwenye baridi ya asubuhi kuwashangilia wanariadha wetu. Ni haki na sisi tuwemo.